Mikanda ya babu: tuichome, tuinakili au tuihifadhi?

"Mtaalamu, pole na kazi. Babu yetu, aliyefariki mwaka jana, alikuwa mwendesha projekta katika ukumbi wa sinema kabla sisi hatujazaliwa, na baadaye alifanya kazi katika kituo cha televisheni. Chumbani mwake tumekuta sanduku lenye makopo ya bati ya filamu, mengine makubwa na mengine madogo, pamoja na kaseti za video zipatazo 20. Makopo mawili madogo yana kutu na yanatoa harufu kali ya siki. Kopo moja kubwa halina harufu yoyote ya maana wala maandishi. Mjomba anasema filamu za zamani hulipuka kama baruti, kwa hiyo tuzichome nyuma ya nyumba kabla hazijatuunguza. Dada anataka tuzinakili kwenye flashi kisha tutupe sanduku lote. Kaka yeye anasema tunahangaika bure, kwa sababu chochote cha maana kilichowahi kuonyeshwa kwenye sinema au televisheni lazima wenyewe wanacho. Ni nani kati yao aliye sahihi, na tuanze na lipi?"

Ndugu msomaji, poleni kwa kufiwa na babu. Kwa jinsi nilivyokuelewa, mna hofu mbili zinazovutana: mnaogopa kukaa na kitu kinachoweza kuunguza nyumba, na wakati huohuo mnaogopa kuharibu kitu ambacho huenda hakipo mahali pengine popote duniani. Hofu zote mbili zina msingi. Hata hivyo, ushauri wa ndugu zako, ukifuatwa kama ulivyoueleza, utawatia hasarani, na ule wa mjomba ungeweza hata kumwua mtu. Kwa hiyo, kabla sijaeleza lolote, naomba sanduku liwekwe mahali penye ubaridi na hewa, mbali na jiko na jua, na asiwepo mtu wa kuchoma, kutupa, wala kujaribu kuzungusha mkanda wowote kwenye projekta au deki.

Nianze na kaka, kwa kuwa imani yake ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo ambayo historia imeikanusha vibaya zaidi. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti kuhusu filamu ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11,000, na zilizosalia kamili katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu. Hizi hazikuwa kazi za watu wasio na uwezo. Ni mali ya makampuni yaliyokuwa na maghala, makarani na wanasheria. Tatizo ni kwamba filamu ilihesabiwa kuwa bidhaa ya msimu. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu zilikosa mnunuzi, huku ghala likiendelea kudai bima na walinzi. Isitoshe, picha katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe imeundwa kwa chembe za madini ya fedha halisi, na madini hayo yakitolewa kwenye mkanda huuzika. Georges Méliès, Mfaransa aliyewaonyesha watu safari ya mwezini mwaka 1902 kwa mandhari ya kuchora na ujanja wa kamera, alizichoma negativu zake mwenyewe, yaani mikanda mama ya kutolea nakala, mwaka 1923 alipokuwa amefilisika. Filamu zake tunazoziona leo zimetoka kwenye nakala zilizokuwa mikononi mwa watu wengine. Nakala ya safari hiyo iliyopakwa rangi kwa mkono ilijitokeza mwaka 1993 katika hifadhi ya filamu ya Catalunya, mjini Barcelona, ikiwa imegandamana na kuwa donge, na haikuonyeshwa tena hadharani hadi mwaka 2011.

Kwa upande wa televisheni hali ni mbaya zaidi, na hapo ndipo kazi ya pili ya babu yenu inaponivutia. Miaka ya mwanzo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja na kuishia hewani. Aliyetaka kumbukumbu alilazimika kuielekeza kamera ya filamu kwenye skrini na kuipiga picha. Aprili 1956 kampuni ya Ampex ilionyesha mjini Chicago mashine iliyoweza kurekodi picha za televisheni kwenye utepe wa sumaku wenye upana wa inchi 2. Utepe huo ulikuwa ghali sana, lakini ulikuwa na sifa moja iliyowafurahisha wahasibu: ungeweza kufutwa na kutumiwa tena. Haikuwa siri wala hujuma. Ilikuwa taratibu ya kawaida ya ofisi. Kipindi kilirushwa, pengine kikarudiwa mara moja kwa mujibu wa mikataba ya waigizaji, kisha utepe ukarudi kwenye rafu ya tepe tupu. Wakati huo hakuna aliyewazia kwamba siku moja mtu angenunua kipindi cha jana akakitazame nyumbani.

Ndivyo BBC ilivyofuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 vya tamthilia ya Doctor Who. Sauti zake zimesalia kwa sababu watazamaji walizirekodi majumbani mwao kutoka kwenye televisheni zao. Baadhi ya picha zimerudi kwa sababu shirika hilo lilikuwa likiuza nakala za filamu za milimita 16 kwa vituo vya nchi nyingine, na si kila kituo kilizirudisha au kuziteketeza. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Fainali ya kwanza ya Super Bowl, mchezo wa ubingwa wa mpira wa Kimarekani, iliyochezwa tarehe 15 Januari 1967, ilirushwa na mitandao miwili mikubwa ya Marekani kwa wakati mmoja, na mitandao yote miwili haikubaki na kanda kamili ya matangazo hayo. Rekodi iliyojitokeza mwaka 2005 ilikuwa imekaa darini kwa mtu binafsi huko Pennsylvania, nayo ina mapengo.

Mfano wa mwisho ni ule ambao ungedhani hauwezekani kabisa. Kamera iliyokuwa juu ya mwezi Julai 1969, binadamu walipotua huko kwa mara ya kwanza, ilituma picha 10 kwa sekunde zenye mistari 320, ilhali televisheni ya Marekani ilitumia picha 30 kwa sekunde na mistari 525. Ili watu wa kawaida waone, vituo vya kupokea mawimbi vililazimika kuelekeza kamera ya kawaida kwenye skrini maalumu iliyokuwa ikionyesha picha ya asili, na katika kufanya hivyo ubora mwingi ulipotea. Picha ile ya asili, iliyo safi zaidi, ilirekodiwa pembeni kwenye tepe za data. Mwaka 2009, baada ya msako wa muda mrefu, NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilieleza kwamba tepe hizo huenda zilifutwa na kutumiwa tena pamoja na maelfu ya nyingine. Tukio lenyewe halikupotea, kwani nakala za matangazo zipo na zimesafishwa. Kilichopotea ni nakala iliyo bora kuliko zote. Mtu aliyefanya kazi kituoni na akabeba utepe uliokuwa ukienda kutupwa, kama huenda babu alivyofanya, ni miongoni mwa watu ambao sisi wahifadhi tunawashukuru kimyakimya.

Sasa mjomba. Anachokisema kina ukweli, ila ameuelekeza kwenye makopo yasiyostahili. Filamu za milimita 35 zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa kwa kawaida juu ya plastiki iitwayo nitreti ya selulosi, ndugu wa karibu wa baruti isiyo na moshi. Filamu hiyo kwa kawaida hailipuki ikiwa imetulia. Huwaka, na huwaka kwa namna isiyo ya kawaida. Moto wa mbao au karatasi huhitaji hewa kutoka nje, ndiyo maana blanketi au mchanga huuzima. Nitreti ina oksijeni ndani ya umbo lake la kikemikali, kwa hiyo ikishashika moto huendelea kuungua hata ikizamishwa majini. Milipuko inayosimuliwa hutokea pale gesi za moto huo zinapofungiwa kwenye chumba au ghala lisilo na pa kupumulia. Tarehe 9 Julai 1937, katika wimbi la joto kali, ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, lilishika moto bila mtu kuwasha kitu. Sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo ziliteketea, zikiwemo karibu kazi zote ilizokuwa nazo za Theda Bara, mmoja wa waigizaji maarufu wa enzi zake. Nitreti iliyooza sana inaweza kuanza kuungua yenyewe katika joto la nyuzi 40 hivi likidumu kwa muda, na hilo ni joto ambalo dari la bati hulifikia kwa urahisi.

Hata hivyo tusiitwike nitreti kila moto. Moto wa Bazar de la Charité mjini Paris, Mei 1897, uliowaua watu zaidi ya 120, husimuliwa mara nyingi kuwa filamu ndiyo iliyolipuka, ilhali chanzo kilikuwa mvuke wa etha, kimiminika kinachoshika moto upesi, iliyokuwa ikitumiwa katika taa ya projekta. Ajali inayopaswa kumfikia mjomba ni nyingine: tarehe 15 Mei 1929, katika kliniki moja kubwa ya mji wa Cleveland nchini Marekani, filamu za eksirei za nitreti zilishika moto, na kati ya watu 123 waliokufa, wengi waliuawa na gesi, baadhi yao saa kadhaa baada ya kutoka wakiwa wanatembea kwa miguu yao. Moshi wa nitreti una gesi za nitrojeni ambazo huunguza mapafu polepole. Ndiyo sababu kuchoma kopo la nitreti nyuma ya nyumba ni hatari kuliko kuliacha lilipo. Babu mwenyewe, kama alifanya kazi enzi hizo, alikaa ndani ya kibanda cha projekta chenye kuta zisizoshika moto na vifuniko vya chuma vya kushuka mara moja.

Je, mnayo nitreti? Pimeni upana wa mkanda kwa rula, pamoja na matundu ya pembeni. Mkanda wa milimita 8, Super 8, milimita 9.5 au milimita 16 unaweza kuhesabiwa kuwa si nitreti, kwa sababu aina hizo zilibuniwa kwa ajili ya majumbani na mashuleni, na watengenezaji walitumia plastiki salama tangu mwanzo. Wasiwasi ni kwa milimita 35 peke yake, pamoja na ukubwa adimu ambao msingeutambua. Ukingoni mwa mkanda, kati ya matundu na ukingo wenyewe, huenda mkaona neno NITRATE au SAFETY lililoandikwa kwa herufi ndogo sana. Someni kwa kioo cha kukuza kwenye sehemu ya mwanzo iliyo juu, bila kuufungua mkanda mzima. Msiliamini neno hilo kupita kiasi. Filamu iliponakiliwa, maandishi ya ukingoni yangeweza kunakiliwa pamoja na picha, kwa hiyo mtu hukuta maneno yote mawili kwenye mkanda mmoja. Yapo majaribio yanayozungumzwa ya kukata kipande na kukiwasha; hayo waachieni maabara.

Jambo ambalo nadhani litawashangaza ni kwamba makopo mawili mnayoyaogopa kwa harufu yake ndiyo yaliyo salama zaidi kwa upande wa moto. Harufu ya siki ni ya asetati ya selulosi, ile plastiki iliyoletwa mahususi kuchukua nafasi ya nitreti. Kopo kubwa lisilonuka wala kuandikwa ndilo la kuangaliwa kwa makini.

Kuhusu siki yenyewe: asetati hunywa unyevu wa hewa, na maji hayo, yakisaidiwa na joto, huivunja plastiki taratibu na kuachia asidi asetiki, yaani asidi ileile iliyo ndani ya siki ya chakula. Ubaya ni kwamba asidi hiyo ikishakuwapo huharakisha uvunjikaji unaoizalisha, kwa hiyo kuoza huanza kwa uvivu kwa miongo kadhaa kisha huenda kasi. Mkanda husinyaa, hujikunja kingo, na hatimaye utando wa picha hubanduka kwa sababu wenyewe hausinyai kwa kiasi hichohicho. Katika joto la kawaida la chumba na unyevu wa wastani, filamu mpya huchukua takriban miaka 40 hadi 50 kufikia hatua ya kunuka. Kwenye joto na unyevu mwingi muda huo hupungua sana, na kwenye ubaridi hurefuka mara kadhaa. Hakuna dawa ya kurudisha nyuma hali hiyo. Anayewauzia kimiminika cha kuponya siki anawauzia matumaini. Lakini harufu haimaanishi kwamba picha imekwisha; filamu nyingi zinazonuka bado zinanakilika vizuri kabisa, ili mradi hazijasinyaa kiasi cha kushindwa kupita kwenye mashine. Yatengeni makopo hayo mawili na mengine, kwa sababu mvuke wa asidi huambukiza mikanda mizima iliyo jirani, na kutu mnayoiona huenda ni kazi ya mvuke huohuo.

Nguvu ya ubaridi haijapata kuonekana waziwazi kama ilivyoonekana Dawson City, mji wa wachimba dhahabu wa zamani kaskazini mwa Kanada. Mji huo ulikuwa mwisho wa safari ya usambazaji, na gharama ya kurudisha filamu ilizidi thamani yake. Mwaka 1929 mikanda ya nitreti ilitumiwa kama kifusi cha kujazia bwawa la zamani la kuogelea. Mwaka 1978, wachimbaji wa msingi wa jengo walipofukua mahali hapo, zilipatikana rili zaidi ya 500, nyingi zikiwa na filamu na habari za miaka ya 1910 ambazo hazikuwa na nakala nyingine. Zilikuwa zimekaa nusu karne ndani ya ardhi iliyoganda. Madoa meupe yanayoonekana pembezoni mwa picha zake yametokana na maji yaliyozigusa, si na miaka iliyopita.

Kaseti za video ni habari nyingine, na kwa maoni yangu ndizo zenye haraka kuliko filamu za asetati. Filamu, hata ikichakaa, inabaki kuwa picha ambayo jicho linaiona kwenye mwanga. Kaseti ni chembechembe za sumaku zilizogandishwa kwenye utepe kwa gundi, na bila mashine ya aina yake haina kitu. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016, na vichwa vya kusomea vilivyosalia vinachakaa kila vinapotumiwa. Mwaka 2019 programu ya UNESCO ya habari kwa wote, pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba tepe za sumaku ambazo hazingekuwa zimenakiliwa kufikia mwaka 2025 huenda zisingeweza kunakiliwa tena, kwa sababu ya uhaba wa mashine na vipuri. Tarehe hiyo si ukuta. Kazi bado inafanyika. Ila inazidi kuwa ngumu na ghali.

Fanyeni hivi kwa kila kaseti. Kwenye ukingo wa nyuma wa kaseti ya VHS, ule ulio mkabala na mdomo wa utepe, pana kijiti kidogo cha plastiki. Kivunjeni kwa bisibisi, na hapo deki haitaweza kurekodi juu yake hata mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Tazameni kupitia kidirisha: kama kuna vumbi jeupe au nyuzinyuzi kwenye ukingo wa utepe, hiyo ni kuvu, na kaseti hiyo isiingizwe kwenye deki yoyote, kwa kuwa itaharibika yenyewe na kupeleka mbegu za kuvu kwenye kaseti zitakazofuata. Kama babu alileta pia kaseti kubwa za kituoni, zile nene zisizoingia kwenye deki ya nyumbani, au tepe za inchi 1 au 2 kwenye gurudumu wazi, hizo zinahitaji mashine ambazo zimebaki kwenye vituo na hifadhi chache tu. Baadhi yake huwa gundi imenyonya unyevu na kunata, na mafundi huzikausha kwa joto la chini lililodhibitiwa kabla ya kuzisoma. Kuna watu hujaribu kufanya hivyo kwenye jiko la nyumbani. Msifanye.

Dada yupo karibu na ukweli kuliko wengine, ila amekosea kwenye neno "kisha tutupe". Filamu ya Metropolis ya Fritz Lang ilizinduliwa Berlin Januari 1927, ikakatwa muda mfupi baadaye, na toleo kamili likahesabika limepotea. Mwaka 2008 jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires lilitambua kwamba lina toleo lenye karibu dakika 25 ambazo hazikuwapo mahali pengine. Furaha ilikuwa kubwa, mpaka wataalamu walipotazama picha yenyewe. Mkanda wa awali wa nitreti, wa milimita 35, ulikuwa umenakiliwa zamani kwenda milimita 16 kwa ajili ya kuepuka hatari ya moto, kisha ukateketezwa. Aliyenakili hakuusafisha kwanza, kwa hiyo kila mkwaruzo na kila tone la mafuta ya projekta lilipigwa picha na kuwa sehemu ya nakala, na ukingo wa picha ukakatwa. Katika toleo lililorekebishwa na kuonyeshwa mwaka 2010, sehemu hizo zinatambulika papo hapo hata kwa mtazamaji asiye mtaalamu, kwani zina mistari inayoteremka kama mvua. Kama mkanda wa awali ungekuwapo, zana za leo zingeifuta karibu yote. Aliyeuteketeza alifuata ushauri uleule wa dada, tena kwa nia njema.

Kwa hiyo nakilini, lakini asilia ibaki kwa muda wote ambao hali yake inaruhusu. Mnapochagua mahali pa kunakili, ulizeni kama wanaskani kila picha peke yake, moja kwa moja kutoka kwenye mkanda, au wanaurusha mkanda ukutani na kuurekodi kwa kamera. Njia ya pili ni ya bei nafuu, lakini huleta kumetameta, hupoteza kingo za picha, na hulazimisha mkanda mkongwe kupita kwenye meno ya projekta. Ulizeni pia kama watawapa faili kubwa lisilobanwa sana pamoja na lile dogo la kutazamia kwenye simu. Filamu za nyumbani za milimita 8 zilipigwa kwa picha 16 au 18 kwa sekunde, kwa hiyo zikiendeshwa kwa 24 au 25 watu wote watatembea kama wamechelewa basi. Fundi mzuri atajua kurekebisha bila kuambiwa.

Flashi moja si hifadhi. Nakala zikae angalau mahali patatu, na moja iwe nje ya nyumba mnayoishi. Mwaka 1998, filamu ya katuni ya Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa, amri moja iliyoandikwa kimakosa ilianza kufuta mafaili, nakala rudufu za ofisini zikagundulika hazifanyi kazi, na kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja aliyekuwa akifanya kazi akiwa na mtoto mchanga. Hiyo ilikuwa kampuni yenye kompyuta bora kuliko zetu sote.

Mnabaki na njia tatu, na hakuna isiyo na gharama. Mkikaa na mikanda ya asetati nyumbani, mnabaki nayo karibu, lakini inahitaji chumba kikavu na cha ubaridi, si darini wala sakafuni, makopo yakilazwa na kaseti zikisimamishwa, na siki haitasimama. Mkiipeleka kwenye studio binafsi, mtapata picha haraka, ila ubora hutofautiana mno, na studio haina wajibu wa kuitunza asilia. Mkiikabidhi kwa hifadhi ya taifa ya filamu au ya kituo cha televisheni, itatunzwa vizuri kuliko mtakavyoweza ninyi, lakini huenda mkasubiri kwa muda mrefu, na hifadhi nyingine hupokea yale tu yanayoingia katika majukumu yake. Ombeni mkataba wa maandishi unaoeleza kama mmetoa moja kwa moja au mmeweka amana, na kama mtapata nakala. Jueni pia kwamba kumiliki mkanda si kumiliki kilichomo: mwenye rekodi ile ya Super Bowl aliambiwa na ligi kwamba maudhui ni mali ya ligi, na hakuweza kuiuza kama alivyotarajia. Picha ambazo babu alipiga mwenyewe nyumbani hazina utata huo.

Kuna hali ambazo hazifai kusubiri barua wala maoni yangu. Mkifungua kopo la milimita 35 mkakuta mkanda umegeuka kuwa na rangi ya kaharabu, unanata, una mapovu mfano wa asali, au umeanza kuwa unga wa kahawia, lifunikeni tena bila kulikaza kwa nguvu, tokeni nalo polepole hadi mahali pa kivuli nje ya nyumba, msivute sigara karibu, na mpigie simu kikosi cha zimamoto mkiwaeleza kwa maneno hayahaya kwamba mnadhani ni filamu ya nitreti. Likianza kutoa moshi, ondokeni wote na msijaribu kulizima. Kopo lililoshikana kwa kutu lisipigwe nyundo. Mtu mwenye pumu asiguse kaseti zenye kuvu.

Kama hakuna dalili hizo, pigeni picha kwa simu: kopo kwa nje, lebo zote, na sentimita chache za mwanzo wa mkanda zikiwa kando ya rula, kisha mzitume kwa hifadhi ya filamu ya nchi yenu kabla ya kubeba chochote. Mara nyingi mhifadhi hutambua aina na hata umri wa mkanda kwa picha hizo, kwa sababu baadhi ya viwanda viliweka ukingoni alama ndogo zinazoonyesha mwaka wa utengenezaji. Mkanda wa nitreti haubebwi kwenye basi wala ndege, na posta haiupokei kama kifurushi cha kawaida. Ikithibitika kuwa ndio, hifadhi ndiyo itakayowaelekeza namna ya kuusafirisha au kuja kuuchukua wenyewe.